Fundi Asilipishwe Kosa la Mlima



Katika shamba moja la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya Kigali, ambalo hatutalitaja jina, fundi makanika alipewa barua ya onyo. Barua ilisema kwamba amezembea kazi na kuiharibu pampu ya mashine ya kukamulia. Ushahidi wote ulikuwa ni sindano ya geji. Kitabu kilichokuja na pampu kinasema kwamba ukiuziba mdomo wake na kuiendesha, sindano ipande hadi inchi 27 za zebaki. Pampu ya ndugu yetu ilifika inchi 23, ikasimama hapo hapo. Kwa inchi 4 hizo aliambiwa kwamba gharama ya matengenezo itakatwa katika mshahara wake, na kwamba ikitokea tena atafute kazi pengine.

Sisi wa kamati ya wafanyakazi tulikwenda kumwona, na tukaiona pampu yenyewe. Ni pampu kuukuu ya chuma kizito, rangi imekwisha, ya aina ile yenye rota inayozunguka ndani ya pipa lake na mabapa yanayoingia na kutoka. Ina umri mkubwa kuliko baadhi ya vijana wanaoitumia. Inakamua asubuhi na jioni, siku saba kwa wiki, kwa kuwa ng'ombe hajui Jumapili wala sikukuu. Tuliyoyaona pale tunayaandika hapa kwa sababu yanatuhusu sote, hata wale ambao hawajawahi kuishika chuchu ya ng'ombe: wa viwanda vya chai, wa mitambo ya kahawa, wa karakana na wa viwanda vya mjini. Kila mmoja wetu ana pampu yake.

MLIMA NAO UNA NENO LAKE

Kwanza tuelewane jinsi mashine hii inavyofanya kazi. Wengi katika nchi yetu bado wanakamua kwa mkono, hasa wafugaji wadogo waliopata ng'ombe tangu mpango wa Girinka uanze mwaka 2006. Lakini mashamba makubwa yana mashine. Pampu hunyonya hewa kutoka katika mabomba na kuacha mvuto. Hewa ya nje, ambayo daima inasukuma, haina mshindani tena ndani ya bomba, na maziwa yanatoka. Kifaa kingine hupokeza mvuto na mapumziko, mara 60 hivi kwa dakika, ili chuchu ipate kupumua na damu ipite. Kwa kazi hiyo mvuto wa inchi 13 hadi 15 unatosha.

Sasa basi, hewa hiyo inayosukuma haina nguvu moja kila mahali. Mombasa na Dar es Salaam, kando ya bahari, inaweza kuinua zebaki inchi 30 hivi katika bomba lililonyonywa hewa yote. Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Inainua inchi 25 tu. Kule Gishwati, penye mita 2,000 na zaidi, inchi 23 na nusu hazipiti.

Maana yake ni hii: hata pampu mpya kabisa, ikinyonya hewa yote hadi chembe ya mwisho, hapa Kigali haitaipitisha sindano kwenye inchi 25. Hakuna kitu zaidi ya hapo cha kunyonya. Kumtaka fundi afikishe inchi 27 ni kumtaka achote lita 22 katika ndoo ya lita 20, na asipoweza umwandikie barua.

Tufanye hesabu ndogo. Kitabu kiliandikwa na watu wa nchi za tambarare. Kinataka inchi 27 kati ya 30, yaani sehemu 9 kati ya 10. Ndugu yetu ametoa inchi 23 kati ya 25, yaani zaidi ya sehemu 9 kati ya 10. Pampu ile kuukuu inafanya kazi vizuri kuliko kitabu kinavyodai. Aliyestahili barua ya shukrani amepewa barua ya onyo.

Hayo si yote. Mlima unamwongezea pampu kazi. Kando ya bahari, mvuto ukiwa inchi 15, hewa iliyobaki ndani ya bomba ni nusu ya hewa ya nje. Hapa, kwa mvuto huo huo, inabaki sehemu mbili kati ya tano. Pampu huzunguka vile vile, lakini kila mzunguko inatoa hewa pungufu kwa moja ya tano, na inalazimika kuikandamiza zaidi ili kuitupa nje. Kwa hiyo inakwenda muda mrefu zaidi na inapata joto zaidi. Mota yake nayo kwa kawaida imepangiwa kazi kwenye mwinuko usiozidi mita 1,000, kwa kuwa hewa nyepesi haipozi vizuri. Pampu iliyoonekana kubwa katika karatasi ya muuzaji inakuwa ndogo ikifika kwetu. Anayetakiwa kuziba upungufu huo ni fundi, kwa jasho lake na kwa usingizi wake.

SOMO KUTOKA NCHI ZA THELUJI

Wako watu wengine duniani wanaoitwisha pampu ya maziwa mzigo kuliko iliyopangiwa, na tunaweza kujifunza kwao. Kule Quebec nchini Kanada, na katika jimbo la Vermont nchini Marekani, kuna mti uitwao mepo. Mwisho wa majira ya baridi, kati ya mwezi wa Februari na Aprili, mti huo hutobolewa na kutoa utomvu mwembamba kama maji, wenye utamu kidogo. Lita 40 hivi za utomvu zikichemshwa hutoa lita moja ya asali ya mti. Zamani kila mti ulitundikiwa ndoo, kama mgema wa pwani anavyotundika kibuyu chake juu ya mnazi. Baadaye wakaunganisha miti kwa mipira ya plastiki hadi kwenye pipa moja, na mwisho wakatia pampu ya kuvuta.

Pampu hizo wengi walizipata wapi? Katika mazizi. Mashamba madogo ya maziwa yalipofungwa moja baada ya jingine, pampu zao kuukuu zilihamia msituni. Kule kila inchi moja ya mvuto huleta utomvu zaidi kwa asilimia 5 hadi 7, basi hawatosheki na inchi 15 za ng'ombe. Wanaisukuma pampu hadi inchi 20, hata 25.

Pampu iliyotengenezwa kwa inchi 15 ikisukumwa hivyo hupata joto kali, oili huungua, mabapa hulika. Wao wanalijua jambo hilo, na hawamwandikii mtu barua. Wanaifungia kifaa cha kupoza oili. Wanatia kipimajoto. Wanaongeza oili badala ya kuipunguza. Kila siku mtu hutembea msituni na kuufuata mpira kwa macho na masikio akitafuta mahali palipovuja, maana kindi huitafuna, na tundu moja dogo hupoteza mvuto wa miti mingi. Pampu ya zamani ikitunzwa hivyo hudumu msimu baada ya msimu.

Kwa nini wao wanaweza? Si kwamba wana akili kuliko sisi. Mara nyingi mwenye msitu ndiye mwenye pampu, na ndiye huyo huyo anayeitia oili. Akibana fedha ya oili leo, kesho hasara inampata yeye mwenyewe. Kwetu mambo yamegawanyika. Anayeamua kama oili inunuliwe yuko ofisini, na anayeunguza mkono yuko kwenye pampu. Anayeokoa fedha ni mmoja, na anayelipia okoo hilo ni mwingine. Huo ndio ugonjwa wenyewe, ndugu zetu, na hakuna bisibisi ya kuutibu. Unatibiwa kwa makubaliano yaliyoandikwa.

SAA YA KUITUNZA NI SAA YA KAZI

Hebu tuhesabu kazi ambayo pampu kuukuu inadai, maana wakubwa wengi hudhani kwamba pampu ni swichi ya kuwasha na kuzima.

Kila siku oili iangaliwe, matone yahesabiwe kama kibao cha pampu kinavyosema, na oili yenyewe iwe ya pampu, safi. Chombo cha kuzuia maziwa kifunguliwe na kuoshwa, kwa maana maziwa yakiingia katika pampu huganda na kugeuka asidi, mabapa yakanata, chuma kikashika kutu. Yakiingia hata mara moja, pampu isafishwe kwa mazutu kidogo, kisha ipewe oili ya kutosha kabla ya kulala. Kila wiki mkanda ubonyezwe uonekane kama umelegea, na chujio la kirekebisha mvuto lisafishwe vumbi, kwa sababu likiziba, mvuto hupanda kupita kiasi na kumuumiza ng'ombe. Kila mipira inapopasuka ibadilishwe. Kila baada ya muda pampu ifunguliwe, mabapa yapimwe, na yaliyolika yabadilishwe yote pamoja.

Upo pia umeme unaokatika. Pampu ikizimika ghafla wakati mabomba yana mvuto, hewa hurudi na kuizungusha kinyumenyume, na mabapa yanaweza kuvunjika. Vali moja ndogo ya kuzuia hewa isirudi huondoa hatari hiyo. Bei ya vali haifiki bei ya mabapa mapya, lakini katika shamba tulilolitembelea vali iliombwa kwa maandishi mara tatu na haikuja.

Kazi hizo zote zinafanywa saa ngapi? Fundi alituambia kwamba anazifanya baada ya kukamua jioni, wenzake wakiwa wamekwenda nyumbani. Saa hizo haziandikwi popote. Sheria ya kazi Nambari 66/2018 ilirekebishwa mwaka 2023, na wiki ya kazi ikawa saa 40. Matengenezo ni kazi, wala si hisani ya fundi. Saa inayotumika kuitia pampu oili ni saa ya uzalishaji sawa na ile inayotoa maziwa, kwa kuwa bila ya kwanza, ya pili haipo. Iandikwe, ilipwe.

Na pampu isipotunzwa, nani huumia? Mvuto ukipandapanda na kushuka, vikombe huteleza na kuanguka, chuchu huumia, kiwele huvimba. Maziwa yanapofika kwenye kituo cha kukusanyia hupimwa na kukataliwa. Hapo mkamuaji anaambiwa kwamba hakunawa mikono. Mama mmoja wa shamba lile, mkamuaji wa miaka mingi, alituambia hivi: maziwa yakipita ni ya tajiri, yakikataliwa ni ya kwake. Hakuna aliyemjibu.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Mkanda wa pampu ile haukuwa na kinga. Kinga ilitolewa siku moja ili mkanda ubadilishwe haraka, na haikurudishwa. Vidole vya binadamu haviagizwi kama spea. Mwezi wa Juni 2022 Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliamua kwamba usalama na afya mahali pa kazi ni moja ya haki za msingi za mfanyakazi, na kila nchi mwanachama inafungwa na uamuzi huo. Kinga ya mkanda ni bati na bolti nne. Hatuoni kisingizio.

NA SISI TUJISAHIHISHE

Hatusemi haya kwa chuki, wala hatutaki kuonekana kana kwamba mfanyakazi hana kosa lolote. Ukweli usemwe pande zote.

Wako mafundi wetu wanaotia oili chafu iliyotolewa katika injini ya lori, kwa sababu haina gharama. Oili hiyo ina uchafu na masizi, na inanatisha mabapa. Mwenye kuitia leo anajichimbia barua ya onyo ya kesho. Oili nzuri isipokuwapo, fundi aandike kwamba haipo, tarehe na saa, na nakala aipeleke kwa mjumbe wetu.

Wako wakamuaji wanaoacha vikombe wazi sakafuni vikinyonya hewa na kinyesi, na kuiacha pampu ihangaike bure. Na wako mafundi wakongwe wanaouficha ujuzi wao kama hirizi, wakidhani kwamba wasipomfundisha kijana hawataachishwa kazi. Ndugu, fundi aliye peke yake ndiye rahisi kulaumiwa. Kama watu watano wa shamba lile wangejua kusoma geji, barua ile isingeandikwa. Ujuzi uliofichwa haumlindi mwenyewe. Ujuzi uliogawanywa unatulinda sote.

Vile vile hatusemi kwamba kila pampu kuukuu ni nzima. Ipo iliyokwisha, nayo isemwe imekwisha. Lakini tuseme kwa kipimo, na kipimo chenyewe kiwe cha hapa tulipo.

TUNACHOTAKA

Kwa kila shamba na kiwanda chenye mitambo ya umri huu, tunapendekeza wajumbe wetu wapeleke madai haya mezani, kwa utaratibu na kwa maandishi:

1. Vipimo vyote vya mitambo virekebishwe kulingana na mwinuko wa mahali, viandikwe kwa rangi ukutani kando ya geji, na mtu yeyote asiadhibiwe kwa kipimo cha nchi nyingine.

2. Kila mtambo uwe na daftari lake. Oili iliyotiwa, spea iliyoombwa, siku iliyoombwa na siku iliyofika, yote yaandikwe na kusainiwa na pande mbili.

3. Saa za matengenezo zihesabiwe ndani ya saa za kazi, na zikizidi zilipwe kama saa za ziada.

4. Stoo iwe na mabapa ya akiba, mkanda wa akiba, vali na oili ya kutosha. Pampu isingoje kufa ndipo itafutiwe dawa.

5. Mtambo usio na kinga usiwashwe. Kinga ikitolewa, umeme ukatwe na kufungwa kwanza, na ufunguo akae nao yule anayetia mkono ndani.

6. Watu wasiopungua wawili, na mmoja wao awe kijana, wafundishwe kila mtambo kwa gharama ya mwajiri.

Waajiri watasema madai haya ni ghali. Tunawajibu kwa hesabu ile ile ya zizini. Galani ya oili, mkanda na bati la kinga havifiki bei ya maziwa yaliyomwagwa kwa wiki moja, wala bei ya pampu mpya kutoka ng'ambo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ndio tunaotumwa kujenga ukuta, basi tunayo haki ya kuuonyesha ufa mapema.

Na yule ndugu yetu je? Tulikwenda ofisini pamoja naye, watu saba, tukiwa na kalamu na karatasi. Tuliandika 27 kati ya 30 upande mmoja, na 23 kati ya 25 upande wa pili, tukamwomba meneja agawanye mwenyewe. Aligawanya mara mbili. Barua ya onyo ilifutwa siku ile ile, na fedha haikukatwa. Kuhusu kinga ya mkanda tuliambiwa tusubiri mwezi ujao, na hadi tunapoandika haya mkanda bado unazunguka wazi.

Kwa hiyo kazi haijaisha. Tutarudi pale, na safari hii tutakuwa zaidi ya saba. Nanyi, ndugu wasomaji, kesho mkifika kazini tazameni geji iliyo karibu nanyi. Ulizeni sindano inatakiwa isimame wapi, nani alisema hivyo, na alikuwa amesimama juu ya mlima gani alipolisema.

Umoja ni nguvu.